Mwezini walirudi kila mtu na lake

Swali la safari hii limetoka kwa mwalimu wa fizikia wa shule ya bweni katika kaunti ya Kilifi. Barua yake ni ndefu, nami naifupisha. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 15 Aprili 2023 aliwakusanya wanafunzi ukumbini wakatazama roketi ikiondoka California, Marekani, ikiwa imebeba setilaiti ya Kenya, Taifa-1. Makofi yalipotulia, kijana mmoja wa kidato cha tatu akasema yeye atakuwa mwanaanga, "kwa sababu huku chini maisha hayana maana, labda maana iko huko." Binti mmoja akamkata kauli: kwao maji yanafuatwa kwa punda, halafu watu wanakwenda kutafuta maana angani! Ukumbi ukacheka, kijana akanyamaza. Mwalimu anauliza: je, ni kweli kuchunguza anga kunayapa maisha ya binadamu kusudi kubwa zaidi, au tunajifariji? Na wale vijana wawili awaambie nini?

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, marahaba.

Nianze na jibu, sababu zifuate. Anga za juu hazimpi mtu kusudi la kuishi. Zinampa kazi, tena kazi nzuri kuliko nyingi ninazozijua, lakini kusudi huwa amekwenda nalo mwenyewe. Aliyepanda bila nalo hushuka bila nalo. Nasema hivi nikiwa mtu niliyekula mkate wa elimu ya falaki miaka mingi, na ningependa sana jibu liwe "ndiyo", maana kazi yangu ingeonekana tukufu zaidi mbele ya mashemeji.

Ushahidi wangu wa kwanza ni wale waliofika. Kati ya 1968 na 1972 Wamarekani 24 walisafiri hadi Mwezini katika safari zilizoitwa Apollo, na 12 kati yao wakaukanyaga. Kama pana mahali ambapo binadamu angekabidhiwa maana ya maisha bila hata kuiomba, ni pale. Tuwatazame basi waliporudi.

Buzz Aldrin alikanyaga Mwezi Julai 1969, dakika chache nyuma ya Neil Armstrong. Alikuwa na miaka 39. Alipokewa kwa magwaride, akazungushwa dunia nzima kupeana mikono na marais na wafalme, kisha shangwe zikaisha na kesho yake ikabaki tupu. Akaingia kwenye sonona na pombe. Ndoa ikavunjika. Kuna wakati shujaa huyo alifanya kazi ya kuuza magari. Haya si umbeya wangu, ameyasema mwenyewe hadharani tangu miaka ya 1970, enzi ambazo rubani wa jeshi kukiri ugonjwa wa sonona ilikuwa ni kujimaliza kikazi. Na huzuni haikuanzia Mwezini: mama yake mzazi alijitoa uhai mwaka mmoja kabla ya safari ile. Mwezi haukumwongezea maradhi, ila haukumtibu pia.

Hebu litazame neno "lengo". Linatokana na kulenga. Lengo ni shabaha, na shabaha ukishaipiga imekwisha, unabaki umeshika upinde. Aldrin alikuwa na lengo kubwa kuliko karibu kila mtu aliyewahi kuzaliwa, akalipiga katikati. Kusudi ni kitu kingine. Mama anayelea mwana hana siku ya kusema "nimeshalea, nimemaliza". Hata mwana akiwa na mvi bado ataulizwa kama amekula. Wanaosema anga inatupa kusudi mara nyingi wanazungumzia lengo, na lengo la anga linavutia kwa sababu liko mbali, linaonekana kwa macho, na lina tarehe ya kurusha.

Wenzake Aldrin? James Irwin wa Apollo 15, Mkristo tangu utotoni, alisema alimhisi Mungu karibu naye kule juu kuliko alivyowahi kumhisi duniani. Safari yake ilikuwa 1971. Mwaka uliofuata aliacha kazi akawa mhubiri, na miaka ya 1980 alikuwa akipanda mlima Ararat, Uturuki, kutafuta safina ya Nuhu. Edgar Mitchell wa Apollo 14 alikuwa akipenda mambo ya nguvu za fikra tangu kabla ya safari. Humo chomboni alifanya majaribio ya siri ya kuwasiliana na watu wa duniani kwa mawazo tu. Njiani kurudi akajiona yeye, nyota na wenzake kuwa kitu kimoja chenye fahamu, na mwaka 1973 akaanzisha taasisi ya kuchunguza fahamu. Alan Bean wa Apollo 12 aliyekuwa akijifunza uchoraji kwa saa zake za ziada aliacha kazi mwaka 1981 ili achore, akachora mpaka alipofariki 2018, akichanganya rangi na chembe za vumbi la Mwezi zilizonasa kwenye nembo za suti yake. Charles Duke wa Apollo 16 aliiacha Mwezini picha ya familia yake ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, huku nyumbani ndoa yake ikielekea ukingoni. Amani, kwa maelezo yake mwenyewe, aliipata miaka kadhaa baadaye katika dini. Na Armstrong, mwenye jina kuliko wote, alikwenda kufundisha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cincinnati. Huyo ni wa kwetu, Mwalimu. Alishika chaki.

Mwezi mmoja, jiwe lilelile, kijivu kilekile. Mcha Mungu akarudi mcha Mungu zaidi, mchoraji akarudi akachora, mwenye jeraha akarudi nalo. Gene Cernan, wa mwisho kuondoka pale Desemba 1972, alipopata dakika ya faragha kwenye uwanja ule mkubwa usio na mtu, alichokifanya ni kuandika mchangani kwa kidole herufi za jina la bintiye. Naipenda habari hiyo kuliko hotuba zote za Apollo. Umbali wa kilomita 384,000, na fikra yake iko kwa mtoto.

Safari hiyohiyo ya Apollo 17 ndiyo iliyopiga ile picha maarufu ya dunia nzima ikiwa kama gololi ya buluu. Itafute uwaonyeshe. Ilipigwa tarehe 7 Desemba 1972, na bara linalokukabili pale ni Afrika: Bukini, yaani Madagaska, iko wazi, Bara Arabu juu, na mwambao wetu wote kuanzia Lamu hadi Msumbiji uko upande wa jua. Picha ya asili ilikuwa na kusini juu. Walioichapisha waliigeuza ili ifanane na ramani za shuleni.

Kabla sijafika kwako Kilifi, nipitie Moscow kidogo, kwa sababu wazo la kwamba binadamu ataikuta maana yake nje ya dunia halikuzaliwa NASA, shirika la anga la Marekani. Katika karne ya 19 Moscow ilikuwa na mkutubi mmoja, Nikolai Fyodorov, mtu aliyeishi kama walii: alilala juu ya sanduku, mshahara akiwagawia wanafunzi maskini. Alifundisha kwamba binadamu wote wana kazi moja ya pamoja, nayo ni kuwafufua wafu kwa njia ya sayansi. Wote, babu kwa babu, mpaka wa mwanzo. Sasa wakishafufuka watakaa wapi? Dunia haitoshi. Kwa hiyo lazima sayari nyingine zikaliwe. Kwa lugha ya mtaani, Fyodorov alikuwa na tatizo la viwanja.

Maktabani kwake alikuwa akija kijana aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake kwa homa utotoni, hana pesa ya ada, anajisomea mwenyewe. Fyodorov akawa anamtafutia vitabu. Kijana huyo, Konstantin Tsiolkovsky, alikuja kuwa mwalimu wa hesabu katika mji mdogo wa Kaluga, na mwaka 1903, mwaka uleule aliofariki Fyodorov, alichapisha mlinganyo wa roketi ambao mpaka leo hakuna chombo kinachopaa bila kuutii, iwe ni kile kilichobeba Taifa-1 au kingine. Sikubaliani na Fyodorov hata kidogo. Lakini ona mpangilio wake: kilichotangulia ni upendo kwa waliokufa, na roketi ikaja baadaye kama usafiri. Waliomfuata wamebaki na usafiri wakasahau abiria. Leo ukimsikia tajiri wa roketi akisema lazima tuhamie Mirihi ili maisha yawe na maana, muulize kwa adabu: kumpeleka nani, kufanya nini? Kuendelea kuwepo si kusudi. Hata kupe anaendelea kuwepo.

Haya, sasa nyumbani kwako. Baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama kwenye maji tangu miaka ya 1960. Ni ya Waitaliano, na aliyeyasimamia alikuwa profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Walipatafuta mahali karibu na ikweta kwa sababu unayoweza kuiandika ubaoni: pale dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki inaanza mbio ikiwa imeshasukumwa bure. Na mashariki ni bahari tupu, ikidondoka haimdondokei mtu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, pale baharini ilirushwa setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 na ushei. Mkuu wa mradi alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend, na setilaiti ikapewa jina la siku yenyewe: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei za angani tu. Eksirei hizo hazipenyi hewa yetu, kwa hivyo kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakirusha viroketi vinavyochungulia dakika chache na kuanguka. Uhuru ilichungulia zaidi ya miaka miwili. Ilituachia orodha ya vyanzo 339. Kimoja, kilichoko kundi la nyota la Cygnus, kilikuwa kinameta na kufifia haraka mno, chini ya sekunde moja, na kitu kinachobadilika haraka hivyo lazima kiwe kidogo kwa umbo. Kidogo, lakini kizito kuliko Jua mara kadhaa. Ndicho kitu cha kwanza ambacho wanafizikia walio wengi walikuja kukubali kukiita shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata nuru haiponyoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti ule, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa hiyo, Mwalimu, moja ya milango iliyofungua fizikia ya mashimo meusi ilifunguliwa mbele ya ufuo wa wavuvi wa kaunti yako, kwa jina la Kiswahili. Nimekutana na wahitimu wa fizikia wa mwambao wasiojua hilo, na linanikera.

Lakini tusijitie kiburi kisicho chetu. Roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Waitaliano, na sehemu kubwa ya utaalamu ilikuja na kuondoka na ndege. Kwetu Unguja tuna kisa kinachofanana. Mwaka 1960 Wamarekani walijenga Tunguu kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wao wa kwanza wa kupeleka watu angani, na mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, Zanzibar ilikuwa moja ya sehemu alizozungumza nazo akipita juu. Marehemu baba alinionyesha mahali penyewe. Wanasiasa wetu walikitilia shaka kituo kile, wakihofia kisije kuwa cha makombora, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kiliondolewa. Kitu kilekile ambacho kwa Glenn kilikuwa sauti ya binadamu gizani, kwa mkulima wa Tunguu kilikuwa uzio wa wageni. Mtu anaposema "sisi binadamu tumekwenda angani", nami huuliza "sisi" ipi. Vyombo viwili vya Voyager vilivyoondoka 1977 vimebeba sahani zilizopakwa dhahabu zenye salamu kwa lugha 55. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, hata Kiakadi kimo, lugha ambayo haina mzungumzaji tangu zamani za zamani. Kiswahili hakimo. Viumbe wa mbali wakituitikia, jirani zangu wa Kampala ndio watakaotutafsiria.

Narudi kwenye Uhuru. Nini hasa walichopata waliofanya kazi ile? Naweza kukuambia kwa sababu nimewahi kukionja mara moja mbili, kwa kiwango changu kidogo: furaha ya kuona kitu ambacho hakuna aliyekiona, kisha kukiangalia tena usiku wa pili na kukikuta bado kipo. Furaha hiyo haihitaji kutetewa kwa faida nyingine. Inajitosheleza, kama utenzi mzuri unavyojitosheleza. Kwa hiyo nakubali kabisa kwamba uchunguzi wa anga ni mojawapo ya njia za kuishi vizuri. Ninachokikataa ni hilo neno lako "kubwa zaidi". Kubwa kuliko la mkunga wa Rabai? Kwa kipimo gani? Watu husema dunia ni chembe ya vumbi angani, ndipo wanakata tamaa, au ndipo wanataka tutoke tukawe wakubwa. Hoja zote mbili zinapima maana kwa futi. Kama dunia ingekuwa kubwa mara milioni, kilio cha mfiwa kingekuwa na uzito zaidi?

Yule binti wa punda sasa. Usimwache acheke peke yake. Swali lake lina ukoo mrefu. Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuondoka, mchungaji Ralph Abernathy, aliyeshika uongozi wa harakati za kutetea haki za watu weusi baada ya Martin Luther King kuuawa, alifika kwenye kituo cha kurushia kule Florida na familia maskini za watu weusi na mikokoteni ya nyumbu. Nyumbu, Mwalimu, binamu wa punda wa binti yako. Mkuu wa NASA, Thomas Paine, akatoka kumlaki uwanjani, mvua ikinyunya. Alimwambia kwamba kama kutobonyeza kitufe kesho yake kungeondoa umaskini Marekani, wasingebonyeza. Abernathy alisema anawaombea wanaanga. Pia aliomba nafasi za kutazama kwa familia zake, zikatolewa. Kila upande ulionyesha ungwana, lakini hakuna aliyemjibu mwenzake. Apollo iliteketeza dola bilioni 25 na zaidi kwa fedha za wakati ule, na wakati wa kilele chake NASA ilikuwa ikichukua zaidi ya senti 4 katika kila dola ya serikali ya Marekani. Leo haifiki nusu senti, na umaskini haukuondoka na ile tofauti.

Mwaka uliofuata mtawa mmoja aliyekuwa akihudumia watoto Kabwe, Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia mwanasayansi wa NASA, Ernst Stuhlinger, akimuuliza anawezaje kutumia mabilioni kwenda Mirihi huku watoto wanakufa njaa. Stuhlinger alijibu Mei 1970 kwa barua ndefu yenye heshima, na ndani yake kisa cha mwinyi mmoja wa Ujerumani aliyewalisha maskini wa mji wake lakini pia akamlisha mtu mmoja aliyekuwa akisugua vioo nyumbani kwake. Watu wakanung'unika, kumbe vioo vile vikazaa hadubini, na hadubini ikawaokoa wagonjwa wengi kuliko unga wote ule. Ni barua nzuri, na bado inasambazwa. Mimi hainiridhishi. Inathibitisha kwamba anga ina faida, na hilo sibishani nalo. Kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952 hakikuwa na jicho la kukitazama kutoka juu. Hidaya, Mei 2024, kilionwa kikijikusanya baharini, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kabla hakijafika Mafia. Kuanzia 2002 kulikuwa na setilaiti mbili zilizokuwa zikifuatana umbali wa kilomita 220 hivi, na kwa kupima jinsi nafasi kati yao inavyotanuka na kubana ziliweza kupima kupungua kwa maji yaliyo chini ya ardhi. Mweleze binti hilo, ni fizikia tamu. Kisha mwambie ukweli wote: hazikuweza kusema kisima cha kwao kichimbwe wapi, na setilaiti haichimbi. Taifa-1, chombo chenye urefu wa sentimita 30 hivi, kiligharimu kama shilingi milioni 50 za Kenya. Visima kadhaa hivyo. Yeye ana haki ya kuuliza nani alipanga foleni, na faida ya jumla haimjibu mtu aliye mwisho wa foleni.

Kuna jambo ambalo barua ile haikuligusa. Kabla ya kuhamia Marekani, Stuhlinger alikuwa mmoja wa wataalamu wa Peenemünde, ilikotengenezwa roketi ya V-2 ya Wanazi. Kitu cha kwanza cha mkono wa binadamu kuvuka kilomita 100 kwenda juu hakikuwa Sputnik, setilaiti ya kwanza, ya Wasovieti. Kilikuwa V-2, mwaka 1944, silaha iliyoangushiwa London na Antwerp, ikiundwa mahandakini na wafungwa waliokufa kwa maelfu. Fizikia ileile, mlinganyo uleule wa yule mwalimu kiziwi wa Kaluga. Kama anga ingekuwa na kusudi lake la kutukabidhi, ingelikabidhi siku ile.

Kitu kimoja zaidi kuhusu Jumamosi ile yenu. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, kumi la mwisho. Bila shaka baadhi ya wanafunzi wako walitazama wakiwa na saumu. Muda huohuo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga alikuwemo mwanaanga aitwaye Sultan Al Neyadi wa Falme za Kiarabu, akiliona jua likichomoza na kuzama mara 16 kwa siku. Kabla ya kuondoka waandishi walimuuliza atafungaje. Akajibu kwamba yeye ni msafiri, na msafiri ana ruhusa. Jibu fupi, la kawaida, ambalo nahodha yeyote wa jahazi la Lamu angelitoa. Miaka 16 kabla yake, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipanda Oktoba 2007, naye pia Ramadhani, akiwa na mwongozo uliotayarishwa na wanazuoni wa kwao: aelekee Kaaba akiweza, asipoweza, sehemu ya anga iliyo juu ya Kaaba, asipoweza, dunia, asipoweza, popote. Nyakati za sala zifuate mahali alipoondokea. Mimi nilipousoma niliguswa, kwa sababu pale unawaona watu wakimfungashia ndugu yao mzigo wa kutosha safari nzima. Hawakumtuma akawatafutie dini mpya huko juu.

Nimebakisha kijana wako, na nimemweka mwisho makusudi.

Yeye hakuuliza habari za anga. Alisema huku chini maisha hayana maana, mbele ya darasa zima, kisha akachekwa. Kijana wa kidato cha tatu akisema hivyo huenda ni maneno tu ya umri. Huenda pia kuna jambo nyumbani. Kabla ya kumjibu lolote kuhusu roketi, mwite pembeni, si ofisini, mkitembea, umuulize habari za kwao. Muulize analala vipi. Ukisikia mambo mazito, usiyabebe peke yako, mtafute mshauri nasaha wa shule na mzazi anayemwamini. Nimekutajia Aldrin kwa kirefu kwa sababu hiyo: alipata alichokuwa akikiota kijana wako, mpaka mwisho wake, na kilichomsaidia hatimaye kilikuwa hospitali na watu wa kukaa naye.

Ukishamjua, na kama bado anataka anga, mpe. Usimvunje moyo. Ila mpe kama kazi. Hesabu kwanza, halafu Kiingereza cha kusoma ripoti, na ziara ya Ngomeni: kule kuna kituo cha ardhini kinachopokea mawasiliano ya setilaiti, na kwa miaka mingi data za Swift, setilaiti iliyorushwa 2004 kutazama milipuko ya mbali kabisa ya angani, zilishukia Malindi. Aone kwamba watu wanaofanya kazi hiyo wana zamu, wana vikombe vya chai, wanabishana kuhusu antena.

Na mwezi wa Novemba, usiku ukianza, watoe nje wote na mikeka. Kituo cha Kimataifa cha Anga hupita juu yenu nyakati fulani baada ya magharibi, kama nyota isiyometameta inayokwenda haraka. Saa zake zinapatikana kwenye simu. Kinapita dakika nne tano tu, basi kijana mpe kazi ya kushika saa. Kikishapotea, wageuze mashariki. Kilimia kitakuwa kimechomoza, kishada cha nyota sita saba, ambacho wazee walikipa jina hilo kwa sababu ya kulima: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Muulize binti wa punda kama babu yake huwa anakitazama kabla ya kuingia shambani, na mwache yeye aeleze, wengine wakae kimya.